Jino lenye murithi na lisilo na murithi

Kwetu Bukavu tulipokuwa watoto, jino la utoto likianguka tulilitupa juu ya nyumba, tukiomba lingine jipya. Desturi hiyo ni nzuri, inamufundisha mutoto asilie juu ya kilichoenda. Lakini sisi wazazi imetuzoeza pia kusema haraka: « Kama linauma, tulitoshe tu. »

Mwaka jana gego la chini la binti yetu wa miaka 11 lilitoboka. Mama mukwe alileta karafuu. Maumivu yakatulia, tundu likabaki. Ndugu zangu wakasema: « Mwalimu, ni jino la mutoto, litaota lingine. » Munganga wa meno akatueleza: gego hilo huota kwenye miaka 6, nyuma ya meno ya utoto, bila kusukuma jino lolote. Ndiyo maana wengi wanafikiri ni la utoto. Kumbe halina murithi. Likitoka, majirani yake yanainama kwenye pengo, na la juu linashuka polepole.

Kuliokoa kuliomba kurudi mara tatu, kusafisha ndani ya mizizi, kiisha kuziba. Bei ilipita mbali ile ya kung'oa. Bibi yangu na mimi tuliuza mbuzi.

Si kila jino la kuokoa. Likipasuka mpaka kwenye muzizi, kulitosha ndiyo dawa. Na asiye na pesa tusimucheke: usaha haungoji mushahara. Lakini wazee walisema, jino la pembe si dawa ya pengo. Basi, ndugu musomaji, uliza kwanza: hili lina murithi?