Gari Moja la Ziada

Jumanne asubuhi niliamshwa na mlio: ta-tap. Kimya. Ta-tap. Kuchungulia dirishani, naona mpira mweusi, mwembamba kuliko wa kumwagilia bustani, umelazwa barabarani kutoka ukingo hadi ukingo na kugongomelewa misumari. Ncha yake imeingia kwenye kisanduku cha chuma kilichofungwa mnyororo kwenye nguzo. Hapa Athens, mji mdogo wa Ohio, ndivyo magari yanavyohesabiwa. Tairi likikanyaga, hewa inasukumwa mpaka kisandukuni, kisanduku kinaandika. Ikilazwa mipira miwili, wanapata na mwendo. Siku mbili baadaye wanakuja kuing'oa, wala hawamwamkii mtu.

Kwetu Tanga kisanduku kilikuwa binamu yangu. Alipata kibarua cha kuhesabu magari, akawekwa chini ya mwarobaini Barabara ya Kumi na Mbili, mtaani Ngamiani, na fomu yake na penseli. Vijiti vinne, cha tano kinakata. Daladala huku, malori kule, bodaboda, baiskeli, mikokoteni, waenda kwa miguu. Kufika saa nne Ngamiani nzima ina habari, kila anayepita anauliza: "Na mimi umeniandika?" Shangazi, mama yake mzazi, akapita kwenda sokoni, akarudi, akakumbuka kasahau nazi, akapita tena, akarudi tena. Jioni moto ukawaka: "Mara nne! Mtoto niliyemzaa! Serikali itaniona mzururaji!"

Lakini angalau aliandikwa. Mpira huu unajua ekseli tu. Jirani yangu ndani ya gari kubwa kama nyumba, yeye na kahawa yake: ekseli mbili. Bodaboda ya mishikaki, watu wanne na kuku: mbili vilevile. Shangazi na kikapu chake? Hajatoka nyumbani.

Tena wahandisi wa huku tangu 1965 wanazipa barabara alama, A mpaka F, kama mtihani. Magari yakiteleza bila kuzuiwa, A. Foleni ikiganda, F. Maana yake barabara tupu ndiyo inayoongoza darasa! Barabara ya Kumi na Mbili saa moja jioni, na muuza kahawa wake, baiskeli zake na watoto wake, ingerudia mwaka.

Ila nisijitape sana. Mtaa wa pili hapa walilaza mpira, miezi michache baadaye wakapata tuta. Fomu za binamu yangu zilichukuliwa zikiwa zimefungwa kwa uzi, na shimo la mbele ya muuza mkaa mpaka leo lipo, limezeeka, linaamkiwa. Sasa kipi bora, kuhesabiwa na anayekujua, au…

Basi tuyaache. Jumatano usiku nilitoka na ndala zangu, nikaangalia kushoto, nikaangalia kulia, nikaurukia mpira mara mbili kwa miguu yote. Ta-tap. Ekseli mbili kamili.

Shangazi, tumeandikwa.