Ng'ombe wa Mwami na Vizibo 20

Ukitaja Dungeons & Dragons, watu wanafikiria mazimwi na mapanga. Ni kweli, vyote vimo. Mchezo huo wa Gary Gygax na Dave Arneson, uliotoka Marekani mwaka 1974, umejaa mazimwi hadi kwenye jina. Lakini ukishaucheza miezi miwili mitatu unagundua kuwa zimwi ni pambo tu. Kinachowarudisha watu mezani ni lile swali la msimulizi: "Haya, mnafanya nini?" Mimi nimesimulia miaka mitatu sasa, mara Kasulu, mara Kibondo, na kwangu ugumu wote uko hapo, kuuliza swali ambalo kweli lina majibu zaidi ya moja.

Dadu ya pande 20 hatuna. Tuna vizibo 20 vya soda, vimeandikwa namba kwa kalamu ya wino mzito, vimo ndani ya kopo. Unatikisa, unachomoa kimoja bila kuchungulia. Nchi yetu ya kubuni ni Buha ya zamani: Heru, Muhambwe, mwami na ng'ombe wake, mizimu ya mtoni. Sijaona sababu ya kuazima ngome za Ulaya wakati vilima vya kutosha viko dirishani.

Sasa, kuna hiari za uongo. Msimulizi anawauliza wachezaji wapite kushoto au kulia, kumbe simba ni yule yule, anawangoja kote kuwili. Wanaweza wasijue siku ya kwanza. Siku ya tatu watajua, na tangu hapo watakujibu "popote tu" huku wanachezea simu. Kuna pia ile ya upanga wa dhahabu na fimbo iliyooza. Hapo umeuliza nini?

Mfano mzuri kuliko yote ninaoujua hautoki kwenye vitabu vya mchezo huu. Unatoka kwenye bao la Kiswahili. Kete 64, zote ziko wazi, hakuna bahati nasibu. Katika hatua ya namua, ukiwa unakula na kete yako ya mwisho ikaangukia nyumba yako, unaruhusiwa kuamua: unalala hapo, au unasafiri? Ukilala, nyumba inabaki na utajiri wake, ila zamu imekwisha. Ukisafiri, unamwaga zile kete uendelee, na hadhi ya nyumba ndiyo imekwenda. Yaani unaona faida, unaona gharama, na bado mkono unasita hewani. Nataka mchezaji wangu asite vile.

Ndiyo maana niliwaletea ng'ombe. Zamani Buha, kama Burundi, kulikuwa na ubugabire: mwenye mifugo anakupa ng'ombe, unapata maziwa na mlinzi, naye anapata mtu wa kumtumikia. Pale Kasulu chifu mmoja wa hadithini akawapa wachezaji wangu wanne ng'ombe mwenye mimba. Dada mmoja, muuguzi, akasema tupokee, watoto wa kijiji wana njaa. Dereva wa bodaboda akakataa katakata: "Dada, huyo ng'ombe ana kamba mbili. Moja shingoni kwake, nyingine shingoni kwetu." Wakabishana saa nzima. Vizibo havikuguswa, na sidhani nimewahi kusimulia jioni nzuri kuliko ile ambayo nilikaa kimya.

Kibondo mambo yalikuwa mazito zaidi. Siku hiyo alisimulia rafiki yangu. Wasafiri wamefika Malagarasi, mto ambao kwa sehemu ndio mpaka wetu na Burundi, na mlinzi wa kivuko anawaambia: vukeni mrudi kwenu, au bakini. Hiari yenu. Ila ukibaki, hakuna chakula, hakuna kuni, hakuna kulima. Kijana mmoja akaweka kopo chini. Huyu amekulia kijiji cha jirani na kambi ya Nduta, amewasindikiza marafiki kadhaa waliorudi Burundi. Akasema taratibu tu, "Kaka, hapo hujatuuliza kitu. Umetuonyesha mlango."

Kimya. Mtu akapendekeza iongezwe njia ya tatu, labda mtumbwi wa siri. Yule kijana akatikisa kichwa, na naona alikuwa sahihi. Njia hata ziwe kumi, zikiwa hazikaliki ni njia moja. Hakutaka mtumbwi. Alitaka kubaki kuwe kugumu lakini kuwezekane, mtu aweze kukuchagua akiwa na akili zake timamu. Rafiki yangu akafikiri, akabadilisha: ukibaki utapata shamba la mihogo, la kukodi, nusu ya mavuno ni ya mwenye ardhi, na huruhusiwi kutoka kijijini bila kuaga.

Wawili wakavuka. Kijana akabaki, na msichana mmoja aliyekuwa kimya jioni nzima akabaki naye. Tangu hapo meza ile ina hadithi mbili. Rafiki yangu anasimulia ng'ambo, mimi nasimulia huku kwenye mihogo, na habari zinavushwa na mfanyabiashara wa asali ambaye anadai malipo kwa kila ujumbe. Wiki iliyopita alileta salamu moja tu kutoka ng'ambo: wanauliza kama mihogo imeshakomaa. Kijana amechomoa kizibo namba 4. Bado hajaamua awajibu nini.