Mkate wa Kumimina wa Konde

Anayeitaja Pemba huanza na karafuu, wala hakosei. Tangu kimbunga cha mwaka 1872 kilipoiangusha mikarafuu mingi ya Unguja, kisiwa hiki ndicho kilichobeba sehemu kubwa ya zao hilo. Lakini sisi, tulipopanda gari Chake Chake asubuhi ya Alhamisi kuelekea Konde, tulikuwa tukifuata harufu ya iliki.

Safari ilitokana na ubishi wa nyumbani. Binti yetu wa miaka kumi alikuwa amehitimu kuhifadhi Juzuu Amma, akaomba keki ya dukani yenye maua ya sukari na jina lake juu, kama walivyofanyiwa wenzake. Tulipoulizia bei tuliinamisha vichwa. Kumnyima tulimwonea huruma, na kukopa kwa ajili ya keki tuliona haya. Habari zikamfikia mama mdogo huko Konde, naye akatuma neno moja tu: “Mleteni kwangu.”

Njia ya kaskazini hupanda vilima na kushuka mabondeni. Juu ni minazi na mikarafuu. Chini ni makonde ya mpunga. Tulikuwa tumeipita njia hiyo mara nyingi bila kufahamu kwamba tunapita katikati ya mahitaji ya mkate. Unga wa ngano huja Pemba kwa vyombo vya baharini, lakini mkate wa kumimina hauuhitaji. Wataka mchele wa bondeni, nazi ya uani na yai la kuku wa nyumbani. Dukani hununuliwa sukari, hamira na iliki tu.

Mama mdogo alitupokea kizingitini. Macho yake yamefifia sana. Alimtambua mjukuu wake kwa sauti, kisha akamshika vidole kimoja kimoja, kama anayekagua vyombo vya kazi. Mchele alikwisha uroweka tangu usiku. Sisi wanaume tulidhani tutakaa barazani tungoje kahawa. Tukakabidhiwa mbuzi na nazi mbili. Tulikumbuka kwamba Bibi Aisha (r.a.) alipoulizwa Mtume (s.a.w.) akifanya nini nyumbani, alijibu kuwa alikuwa akiwahudumia watu wa nyumba yake. Tukakaa, tukakuna.

Tui zito likachujwa. Mchele ukasagwa nalo mpaka ukawa laini, ukatiwa hamira na iliki, ukafunikwa. Ulipoumuka, ikaongezwa sukari na ute wa yai uliopigwa. Bibi hakupima kwa kikombe. Alimwambia mtoto ainue upawa, auache uji udondoke, naye akasikiliza. “Bado mzito,” akasema. Tui kidogo likaongezwa. “Sasa.”

Sufuria ilipakwa samli ikapashwa moto, na binti yetu akamimina kwa Bismillahi. Makaa machache yakabaki chini, mengine yakapaliwa juu ya kifuniko. Hapo ndipo subira ilipomshinda. Bibi alipogeuka kuchukua maji ya udhu, mtoto alifunua achungulie. Mkate ukabonyea katikati, naye machozi yakamlengalenga.

Hakugombezwa. Bibi aliupapasa mkate kwa kiganja, akatabasamu, akasema uji wa mkate wa pili upo. Safari hii mtoto alikaa mikono magotini, akingoja harufu ibadilike kama alivyofundishwa. Mkate ulitoka umepanda, rangi ya dhahabu, na ulipokatwa ulikuwa na vitundu kama sega la asali.

Tulifikiri huo ndio wa sherehe yetu. Bibi akautia katika sahani, akaufunika kwa kawa. “Huu mpelekee jirani. Ule uliobonyea ndio wetu.” Mtoto alitutazama akitaka tumtetee. Tulinyamaza, kwani sisi tunaosimama mbele ya watu kuwahimiza kutoa tulikuwa tumesahau aya ya 92 ya Sura Aal Imran, inayofunza kwamba wema haufikiwi mpaka mtu atoe katika anavyovipenda. Aliondoka na sahani akijikokota, akarudi mbio. Jirani alikuwa amemwombea dua, akamtaja kwa jina lake. Jina alilotaka liandikwe juu ya keki lilikuwa limetajwa mbele ya Mola wake.

Tulikula mkate uliobonyea baada ya Alasiri, na haukubaki hata kombo. Jioni tukarudi na harufu ya moshi nguoni.

Tunaandika haya kwa kuwa kina bibi wa namna hii wanapungua, na ujuzi wao haumo kitabuni. Umo masikioni na viganjani mwao. Mzazi mwenye bibi aliye hai ampeleke mwanawe mapema, naye mwenyewe asione haya kukalia mbuzi. Mwenyezi Mungu awape wazee wetu afya, na atujaalie mikono inayotoa kilicho bora. Amin.