Sentimita za Ziada

Maisha yangu ya kazi yamepita kwenye chumba cha kuendeshea CT-Scan, na hadi leo, nikiwa mstaafu huku Kimbiji, nashikilia hoja moja: sehemu kubwa ya mionzi ya ziada wanayopata wagonjwa wetu inatokana na maamuzi ya sisi tunaokaa mbele ya mashine. Wenzangu wengi huamini kinyume. Ukitaja dozi kubwa, jibu la kwanza ni kwamba mashine zetu zimechakaa, na mjadala unafungwa hapohapo, kana kwamba hakuna la kufanya hadi mashine mpya ije. Namba zilizokusanywa Afrika Mashariki zinasema jambo jingine, na nimezisoma kwa miaka mingi nikitamani zisomwe na kila anayebonyeza kitufe kile.

Kwanza nieleze zinavyopatikana. Huitwa viwango rejea, na wazo lake liliwekwa rasmi na Tume ya Kimataifa ya Kinga dhidi ya Mionzi mwaka 1996, na mwongozo wake kamili ukatoka 2017. Kila hospitali huchukua wagonjwa wasiopungua 20 waliofanyiwa kipimo cha aina moja na kutafuta dozi ya katikati. Dozi hizo za hospitali mbalimbali hupangwa kuanzia ndogo hadi kubwa, na ile ambayo robo tatu ya hospitali haziizidi ndiyo huwa kiwango rejea cha taifa. Hakuna faini kwa anayekipita, wala hakitumiki kumpima mgonjwa mmoja. Mtu mwenye mwili mkubwa anaweza kukizidi na kipimo chake kikawa sahihi kabisa. Inayoulizwa ni hospitali ambayo dozi yake ya katikati inakizidi kila inapopimwa. Mashine yenyewe huonyesha namba mbili: ya kwanza ni ukali wa mionzi kwa miligrei, ya pili ni ukali huo ukizidishwa kwa urefu wa sehemu ya mwili iliyopigwa, kwa sentimita.

Sasa zitazame namba hizo mbili kwa kipimo cha kichwa. Mwongozo wa Ulaya wa 1999 uliweka ukali wa miligrei 60 na jumla ya 1050. Utafiti wa Kenya uliochapishwa 2016 ulipata 61 na 1612. Ule wa Uganda wa 2022 ulipata takriban 56 na 1260. Kwa ukali peke yake, Kenya na Uganda hazina cha kuzitofautisha na Ulaya, na Uganda iko chini. Tofauti yote iko kwenye namba ya pili. Ukigawanya ya pili kwa ya kwanza (ni hesabu ya kukadiria tu, kwa kuwa namba hizo hazikutoka kwa mgonjwa mmoja) Ulaya inakupa sentimita 17 na nusu, Uganda 22 na nusu, Kenya zaidi ya 26. Ubongo wa mtu mzima hauhitaji sentimita 26. Kwa hiyo ama picha inaanzia kidevuni au shingoni badala ya kwenye kitako cha fuvu, ama kichwa kinapigwa mara mbili, bila dawa ya kontrasti kisha kwa dawa, hata pale ambapo mara moja ingetosha. Yote mawili huamuliwa na mtu, na kuyarekebisha hakuhitaji hata shilingi.

Kwetu Tanzania, Ngaile na Msaki walichapisha mwaka 2006 utafiti wa hospitali 8, wakakuta kipimo cha kichwa kikilipa jicho wastani wa miligrei 64 hivi. Mwaka 2011 tume ile ya kimataifa ilishusha hadi miligrei 500 dozi inayohesabiwa kuweza kuleta mtoto wa jicho. Vipimo 8 vya kichwa vinafika huko. Aliyeumia kichwa kwa bodaboda hapa Kimbiji huanzia kwenye zahanati, hupelekwa Kigamboni, kisha huvushwa kwa daraja au pantoni kwenda Temeke au Muhimbili, na kila mahali ambapo picha zake hazikumfuata kuna hatari ya kupigwa upya. Marudio hayo viwango rejea haviyaoni, maana huhesabu kila kipimo peke yake. Huo ni upungufu wa kweli wa nyenzo hii, na dawa yake ni picha kusafiri na mgonjwa.

Pingamizi ninaloliheshimu zaidi ni la madaktari wa dharura: mgonjwa anayevuja damu ndani ya fuvu atakufa leo, ilhali saratani ya mionzi, ikija, itakuja baada ya miaka. Ni kweli, na sijawahi kuunga mkono kumnyima mtu kipimo anachokihitaji. Lakini kupunguza sentimita za shingo hakumcheleweshi mgonjwa hata dakika moja. Wengine husema dozi ndogo huharibu picha. Hilo nalo ni kweli ukipunguza ukali bila kuangalia, na ndiyo maana hospitali iliyo chini mno nayo hutakiwa kuchunguza picha zake. Ila kufupisha urefu hakuufanyi ubongo uonekane vibaya. Wapo pia wanaotaka tuazime tu namba za Ulaya. Tatizo ni kwamba wagonjwa wetu wengi ni wepesi kuliko wa huko. Kwa mwili mwembamba, kulingana na Ulaya kunaweza kuwa ni kuzidisha.

Kwa watoto suala ni zito zaidi. Utafiti wa Uingereza wa 2012 ulihusisha dozi ya jumla ya takriban miligrei 50 kwenye uboho na kupanda mara tatu kwa hatari ya saratani ya damu. Na dozi ya mtoto huonyeshwa kwa kurejelea silinda ya majaribio ya kipenyo cha sentimita 16 au 32. Mionzi ileile husomeka karibu mara mbili kwa silinda ndogo. Hospitali mbili zikilinganisha namba bila kutaja silinda, ulinganisho huo ni bure. Na mashine sasa zimeongezeka: kwa fedha za mkopo wa UVIKO-19 serikali ilinunua CT-Scan za hospitali za rufaa za mikoa, hivyo takwimu za hospitali 8 za mwaka 2006 haziwezi tena kuisemea nchi. Sheria ya Nguvu za Atomu ya 2003 imekwisha kuipa Tume ya Nguvu za Atomu usimamizi wa mionzi. Kila mkoa uandike uzito wa mtoto, silinda iliyotumika, urefu uliopigwa na idadi ya marudio, na upeleke daftari hilo Tume kila mwaka.