Barua Kutoka Morogoro: Mfadhili Akiondoka, Kinabaki Nini?

Dada mpendwa,

Uliniomba nikuandikie niliyoyaona Morogoro kabla kamati ya chuo chenu haijakaa kuandika sera ya miradi ya utafiti inayolipiwa na wafadhili wa nje, nami nimerudi na mengi. Treni ya umeme kutoka Dar ilinifikisha upesi hata korosho nilizonunua hazijaisha. Milima ya Uluguru ilikuwa imejifunika mawingu.

Nilianzia Mazimbu, kwenye Kampasi ya Solomon Mahlangu ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA. Pale ndipo chama cha ukombozi cha Afrika Kusini, ANC, kilipojenga shule ya vijana wake waliokimbia ubaguzi, mwishoni mwa miaka ya 1970, kwenye ardhi ya Tanzania na kwa fedha za marafiki wa nchi nyingi. Mwaka 1992 waliikabidhi kwa serikali yetu, na leo wanafunzi wa SUA wanasomea humo. Nilizunguka kati ya majengo yale muda mrefu, dada. Fedha za wageni zilijenga, wageni wakaenda zao, na mwenye nyumba anaendelea kuyatumia. Ni miradi mingapi ya utafiti inayoacha hata chumba kimoja?

SUA hiyohiyo ndiyo mwenyeji wa APOPO, shirika lenye asili ya Ubelgiji linalofundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu. Wako pale tangu mwaka 2000. Panya wao Magawa, mzaliwa wa Tanzania, alipewa nishani ya dhahabu na Waingereza mwaka 2020 kwa mabomu aliyoyagundua Kambodia. Ushirikiano hauwezi kudumu miaka yote hiyo kwa urafiki wa maprofesa wawili tu. Kwa hiyo kifungu cha kwanza cha sera yenu nakiona wazi: mkataba utiwe sahihi na chuo, fedha ziingie akaunti ya chuo, na mtafiti mkuu asimamie kazi. Profesa akihama au akistaafu, mradi ubaki.

Sasa suala linaloniuma, gharama za uendeshaji. Umeme wa maabara, mlinzi wa usiku, mhasibu anayefuatilia kurejeshwa kwa masurufu, maktaba: nani anavilipia? Taasisi za Afya za Taifa za Marekani, NIH, zimezoea kuvipa vyuo vya nje 8% tu kwa ajili hiyo, wakati vyuo vikubwa vya kwao vingi hupatana na serikali yao viwango vinavyozidi 50%. Horizon Europe ya Umoja wa Ulaya hutoa 25% ya gharama za moja kwa moja. Kinachopungua hakipotei hewani. Kinatoka kwenye ada za wanafunzi na ruzuku ya serikali. Chuo maskini kinamchangia mfadhili tajiri! Sera yenu itaje kiwango, na iseme wazi sehemu gani inarudi idarani, maana mhadhiri akiona asilimia zote zinaishia utawala, atatafuta njia ya pembeni.

Vibali vya utafiti vya Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, na vya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, kwa utafiti wa afya, mnavijua; viandikwe tu mapema kwenye ratiba, mradi usianze kuhesabu miezi kabla havijatoka.

Kisha kuna mwisho wa mradi. Mwaka 2025 Marekani ilipofunga shirika lake la misaada, USAID, miradi mingi Afrika ilikatika kazi ikiwa katikati. Wasaidizi wa utafiti wakabaki bila mishahara, na wanakijiji waliotoa damu na muda wao hawakurudishiwa majibu. Kwa hiyo tangu siku ya kuandika andiko la mradi, kila mtafiti aulizwe: gari na friji za sampuli zitakuwa za nani, nani atalipa mafundi, takwimu zitahifadhiwa wapi, na waliohojiwa wataambiwa lini tulichokipata.

Rasimu niliyoiona kwako ina kurasa nyingi za posho na manunuzi, na kuhusu mwisho wa mradi ina aya moja. Naomba uipeleke aya hiyo mbele, na uwaombe wenzako waijadili kabla ya posho.

Wasalimie watoto na shemeji.

Mdogo wako