Usipoivuta Wewe, Mteja Ataivuta

Wadau, leo sikuja kumfunza mtu, nimekuja kukiri kosa. Mnaikumbuka ile video yangu ya babu anayesuka bangili za ngozi pale Mji wa Kale? Sekunde 45, muziki mtamu, vidole vinasuka mbio mbio, mwisho bangili inafungwa mkononi. Mliipenda sana. Na wengi mkaandika neno lile lile: "Mia sita kwa kamba nne? Si ni wizi huo!"

Nikacheka nanyi. Ukweli ni kwamba hata mimi niliona hivyo hivyo.

Sasa niwaambie nilichokikata. Siku ile nilikaa barazani kwa babu, kichochoro cha nyuma ya Ndia Kuu, tangu baada ya Adhuhuri mpaka Alasiri inaadhiniwa. Kusuka kwenyewe kulichukua kama dakika 20. Muda wote uliobaki alikuwa anatayarisha kanda za ngozi, nami naangalia betri ya simu nikijiuliza, mzee huyu ataanza kazi saa ngapi?

Basi nikajitia ufundi. Nikanunua mabaki ya ngozi kwa mshona viatu, nikachukua rula na wembe, nikakata kanda zangu zikiwa kavu vile vile, nikazisuka usiku mmoja nikitazama mpira. Bangili tisa. Nikaziuza mia tatu mia tatu, nusu ya bei ya babu, nikajiona nimewasaidia watu.

Mbili alinunua jirani yetu aliyekuwa anasafiri kwenda Doha kutafuta maisha. Moja akamvisha mamake, moja akavaa mwenyewe. Alisema akiitazama atakumbuka nyumbani.

Wiki ya tatu akanitumia ujumbe wa sauti. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniuma. "Ndugu yangu, ile bangili ililegea, ikawa yacheza mkononi kama mtoto aliyevaa saa ya babake. Juzi nimerudi kazini, mkono mtupu. Sijui imeangukia wapi."

Nikaenda kumtazama mamake. Yake ilikuwa imeachana baina ya kamba, ukanda mmoja umekatika, ameushikisha kwa uzi wa cherehani. Wale wengine niliwarudishia pesa zao. Yeye alikataa kupokea, na bangili hakutaka kuivua.

Nikarudi kwa babu na bangili moja mfukoni. Shikamoo, marahaba, nikampa. Akaishika, akaivuta kidogo, ikarefuka.

"Hukuivuta," akasema. "Ngozi yataka kuvutwa kabla, mjukuu wangu. Usipoivuta wewe, mteja ataivuta kwa mkono wake."

Safari hii nilizima simu nikatazama.

Kazi inaanza kwa duara. Kipande kidogo cha ngozi ukikikata mnyoofu hakikupi urefu. Babu anakikata mviringo kama sahani, kisha anakata kutoka ukingoni kuelekea katikati, mzunguko baada ya mzunguko, kama muuza machungwa anavyomenya ganda lisikatike. Kifaa chake ni wembe uliosimamishwa kwenye kipande cha mbao, na msumari kando yake. Nafasi baina ya wembe na msumari ndiyo upana wa ukanda. Piga hesabu: duara la sentimita 20 kutoka ukingo hadi ukingo, ukanda wa milimita 5, unapata karibu mita 6. Bangili moja ya kamba nne inakula zaidi ya mita moja na nusu. Kwa hivyo sahani nzima ni bangili tatu tu.

Halafu anaulowesha ukanda, lakini hauachi utote. Anautia majini mara moja, anauzungushia kitambaa kibichi, anasubiri unyevu uingie mpaka ndani. Kisha anaufunga kwenye msumari ukutani na kuvuta polepole, kipande kwa kipande. Uliojikunja unanyooka. Penye udhaifu panakatika hapo hapo. Wahenga walisema kamba hukatikia pabovu. Babu anataka ikatike barazani kwake, isikatike Doha.

Ukishavutwa haulingani tena, huku mpana, kule mwembamba. Anaupitisha upya kwenye wembe upate upana mmoja. Anaukwangua upande wa nyama mpaka unene uwe sawa, na kuchonga kingo za chini ili kamba zikilaliana zisiache mwanya. Mwisho anaupaka sabuni ya kipande iliyochanganywa na shahamu, uteleze. Ukanda mkavu hukwama njiani: wewe unadhani umekaza, kumbe bado.

Na haya ningepaswa kuyajua. Bibi yangu alikuwa akisuka ukili wa mikeka. Sikuwahi kumwona akisuka miyaa mikavu. Ilichanwa, ikaanikwa, ikarashiwa maji, ndipo vidole vikaanza. Nimekua nikiiruka miyaa hiyo uani, na sikuuliza hata siku moja.

Maoni yangu ni haya. Sisi watu wa kontenti tumewazoesha kuamini kuwa kazi ni ile sehemu inayopendeza machoni. Mtalii anayetoka Fort Jesus akipita akasema bei ni ghali, simlaumu, hakuona kitu. Lakini mimi niliona kila kitu, nikakitupa, nikawaachia sekunde 45. Mkisema mia sita ni wizi, kosa si lenu.

Sisemi msipatane bei. Patana, ndiyo Mombasa yetu hiyo. Lakini kwanza ishike bangili uivute kidogo. Ikirefuka, iache. Kisha muulize fundi, "Kanda hizi umezivuta?" Akikueleza mpaka ukachoka kusikiliza, mlipe pesa yake. Akikutazama kama umeuliza Kichina, rudisha pochi mfukoni.

Nimekaa kwa babu Jumamosi tatu sasa. Nimekata, nimevuta, nimekatikiwa mara nne. Bangili mbili ziko tayari. Moja nimempelekea yule mama. Ameivaa, lakini ile mbovu pia hajaivua, ziko mkono mmoja. Ya pili iko kwenye bahasha inangoja mtu wa kwenda Doha. Kama yupo anayesafiri mwezi huu, nijulisheni tafadhali.

Na kazi ya babu nimeirekodi upya, saa mbili na dakika 40, bila kukata. Naiposti Ijumaa baada ya swala. Muziki hakuna.