Treni ya umeme na dizeli, na abiria wa Kidatu

Mtanzania anayeishi mashariki mwa Uingereza ana sababu ya kutamani treni za huku zifike kwetu. Tangu Julai 2019 njia za vijijini za Norfolk na Suffolk zimepewa treni mpya za kampuni ya Stadler, zilizotengenezwa Uswisi, zenye uwezo wa kutumia umeme na dizeli. Kampuni ya reli ya Greater Anglia iliagiza 38: 24 zenye mabehewa manne na 14 zenye matatu. Injini za dizeli hazikufungwa chini ya sakafu kama ilivyozoeleka. Zimewekwa kwenye kibehewa kifupi katikati ya treni, na abiria anayetoka upande mmoja kwenda mwingine hupita kwenye ujia mwembamba, mitambo ikiwa kushoto na kulia kwake. Penye nyaya, mkono wa chuma hunyanyuka juu ya paa na kuchukua umeme. Nyaya zikiisha, dizeli inawaka. Treni inayotoka Norwich kwenda uwanja wa ndege wa Stansted husafiri kwa dizeli hadi Ely, kisha humalizia safari kwa umeme kupitia Cambridge, na abiria hanyanyuki kitini. Kwa kuwa reli yetu mpya ya SGR ni ya umeme na matawi mengi ya reli ya zamani hayana hata nguzo moja ya waya, wazo la kununua treni kama hizi linakuja lenyewe. Naliheshimu wazo hilo, lakini naona linakosea mahali penyewe pa kuanzia. Mashine hii inajibu swali la nyaya, na matawi yetu hayajakwama kwa sababu ya nyaya.

Tuanze na ushahidi wa huku huku. Kutoka Norwich kwenda Sheringham, Great Yarmouth au Lowestoft, treni hizi hutembea kwa dizeli karibu mwanzo hadi mwisho, kwa sababu waya unaishia mjini Norwich. Ule uwezo wa umeme unaosifiwa sana kwa sehemu kubwa unasafirishwa tu bila kutumika. Hata hivyo abiria wa njia hizo wamepata mabadiliko makubwa, na ukiyatazama moja moja utaona hayahusiani na umeme. Zamani tawi kama hili liliweza kuletewa behewa moja au mawili yaliyochoka. Leo linaletewa matatu au manne. Sakafu ya treni iko chini, sawa na jukwaa, na mlango unapofunguka kidaraja kidogo hujitokeza na kuziba mwanya. Mama mwenye kigari cha mtoto au mzee mwenye kiti cha magurudumu anaingia bila kubebwa wala kuomba msaada wa mtu. Mtu anayezijua treni zetu, na ile hatua ndefu kutoka chini hadi mlangoni katika stesheni ndogo zisizo na jukwaa, ataelewa kwa nini nakitaja kidaraja kabla ya injini.

Kuna ushahidi wa pili, nao ndio wenye uzito zaidi kwangu. Njia ya Ipswich hadi Lowestoft ina urefu wa kilomita 79 hivi, na upande wa kaskazini sehemu kubwa ni reli moja. Kwa miaka mingi huko kaskazini treni ilipita kila baada ya saa mbili, kwa kuwa mbili hazikuwa na mahali pa kupishana. Desemba 2012 ikajengwa njia ya kupishania pale Beccles, na treni zikaanza kupita kila saa. Hiyo ilikuwa miaka saba kabla ya treni mpya, kwa mabehewa yale yale ya zamani. Na njia yenyewe isingekuwepo kama si uamuzi mwingine wa aina hiyo. Ripoti ya Beeching ya mwaka 1963 ilipendekeza zaidi ya stesheni 2,000 zifungwe nchini, na njia hii ilikuwa hatarini. Iliponea mwaka 1966, na wakati huo Gerard Fiennes, meneja wa reli wa kanda hiyo, alikuwa akitetea uendeshaji wa gharama ndogo: tiketi ziuzwe ndani ya treni, stesheni ndogo zibaki bila wafanyakazi, fedha iende kwenye treni kutembea. Unaweza kubishana na ukali wa hatua hizo, lakini njia ipo hadi leo. Mara mbili tawi hili limeokolewa na uendeshaji na kipande cha reli, na mashine mpya imekuja baadaye kuongeza heri juu ya heri.

Sasa twende Kilosa. Hapo pana stesheni ya SGR kwenye njia ya Dar es Salaam hadi Dodoma, na hapo hapo Kilosa ndipo linapoanzia tawi la reli ya zamani linaloshuka kupitia Mikumi hadi Kidatu, kilomita 108 hivi, lililokamilika mwaka 1965. Kidatu ni nchi ya miwa na kiwanda cha sukari, na ni lango la bonde la Kilombero. Ukiitazama ramani bila kujua zaidi, utasema hapa ndipo penyewe pa treni ya umeme na dizeli: itoke Dodoma kwa umeme, ikunje Kilosa, iteremke Kidatu kwa dizeli. Haitakunja. SGR ina upana wa milimita 1,435 kati ya reli na reli. Tawi la Kidatu lina milimita 1,000. Na mwishoni tawi hilo linakutana na reli ya TAZARA yenye milimita 1,067, ndiyo maana Kidatu palijengwa kituo cha kuhamishia mizigo kutoka behewa hadi behewa. Hata kama kila taruma la tawi hilo lingekuwa jipya, faida kubwa ya treni hizi, ile ya abiria kutohama, inafia Kilosa. Tutakuwa tumelipia mitambo miwili ili tutumie mmoja.

Lakini abiria kuhama si msiba, na hapa pia huku kuna funzo. Tawi la Sudbury, la kilomita 19 hivi, linaungana na njia kuu ya umeme pale Marks Tey. Treni mpya zipo kwenye tawi hilo, na bado anayekwenda London hushuka Marks Tey na kupanda nyingine. Linavumilika kwa sababu treni ya tawi inakuja kila saa, tiketi ni moja, na kutoka jukwaa hadi jukwaa ni mwendo wa miguu. Nairobi wamefanya jambo la namna hii katika mazingira yetu kabisa: stesheni yao ya SGR iko Syokimau, nje ya mji, na treni ya dizeli kwenye reli ya zamani hubeba abiria kati ya hapo na stesheni kuu, kwa ratiba inayofuata ile ya Madaraka Express, treni ya SGR. Ni reli mbili za upana tofauti na mashine ya kawaida, ila kuna mtu aliyekaa akapanga saa za moja zioane na za nyingine. Kenya ilinunua pia treni ndogo za dizeli zilizokwisha kutumika Mallorca, Hispania, kwa ajili ya reli ya zamani. Treni ndogo ya aina hiyo, yenye injini ndani ya mabehewa yake yenyewe, ndiyo ningeitaka Kilosa: ingojee treni ya SGR, iondoke nayo ikishafika, na tiketi ya kutoka Dodoma iandikwe Kidatu.

Wapo watakaosema basi limekwisha kuifanya kazi hiyo. Kwa anayetoka Kidatu kwenda Dar es Salaam hoja hii ina nguvu, kwa kuwa akifika Mikumi anaikuta barabara kuu. Kwa anayekwenda Dodoma mambo ni tofauti: basi linamzungusha hadi Morogoro, na treni ingemkatia moja kwa moja kaskazini. Wengine watasema tungoje SGR ifike kila mahali. Huko ni kumwambia mkulima wa leo asafiri na treni ya wajukuu zake. Uingereza yenyewe inaonyesha hatari ya kungoja: gharama za kuweka nyaya kwenye njia kuu ya magharibi zilipanda hadi kukadiriwa pauni bilioni 2.8, na Julai 2017 serikali ikafuta mipango ya nyaya kwa njia nyingine, likiwemo tawi la vijijini la Windermere, ikisema treni za umeme na dizeli zitatosha. Wapenda reli wengi huku walikasirika, na naona walikuwa na haki: mashine ya kuvukia ikageuzwa kuwa sababu ya kutofika.

Pingamizi lililo zito ni la njia yenyewe. Treni yoyote, ya bei yoyote, itasimama pale tuta linapobomoka, na bonde la Mkondoa limekwisha kutufundisha. Mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yaliikata reli ya kati kati ya Kilosa na Gulwe. Kwa hiyo shilingi ya kwanza iende kwenye makalavati, madaraja na kokoto, ya pili kwenye ishara na vivuko. Hili la vivuko nalisisitiza, kwa sababu Novemba 2019 pale Thorpe End, karibu na Norwich, vizuizi vya barabara vilinyanyuka wakati treni mpya inakuja, na gari likaponea chupuchupu. Wachunguzi walikuta uchafu juu ya reli ulivuruga mguso wa umeme kati ya gurudumu na reli, hivyo mitambo ya kivuko haikuitambua treni ipasavyo. Treni ilikuwa mpya, lakini usalama wake ulitegemea reli iliyo chini yake.

Kilosa stesheni mbili, ya SGR na ya reli ya zamani, zimekwisha kujengwa, kila moja kivyake, na kuziunganisha sasa kutahitaji basi la stesheni au kipande cha reli. Kaliua, kati ya Tabora na Kigoma, bado kuna nafasi. Tawi la Mpanda, kilomita 210, linaanzia hapo, na SGR ya Tabora hadi Kigoma imekwisha kutolewa mkataba. Anayeshika michoro ya stesheni hiyo anaweza kuweka jukwaa la reli ya zamani ubavuni mwa jukwaa la SGR, chini ya paa moja, kabla zege halijamwagwa.